Alivyokuwa Akilala Winifrida

Gaudiosa hakuwa mama wa kumwacha mwanawe ajijibie, hata mwana mwenyewe akiwa mke wa mtu. Winifrida alipotoka Chanji kwenda kujifungulia kwa mama yake Mpui, mumewe Jastin akiwa safarini na lori, alilelewa uzazi ule wa kizamani: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa ulezi mpaka anaukimbia, dirisha limezibwa kwa blanketi kuukuu. Mwezi wa sita Ufipa baridi haina mzaha. Majirani walikuja kuona mtoto wakatoka wanamsifu bibi mtu, naye sifa alizipenda, tusifichane.

Wiki ya tatu Winifrida akaanza kukohoa. Akitoka chooni anasimama njiani, kashika kiuno, anahema. Akijilaza anabanwa, anakurupuka, anakaa. Mwishowe akawa analala ameketi, kaegemea gunia la mahindi, na jambo hilo lilimuudhi sana mama yake. Mzazi gani analala kama mlinzi wa duka?

"Lala vizuri, Wini. Watu watasema nakulaza kwenye magunia."

"Mama, nikilala nazama."

"Ni baridi hiyo, imekuingia."

Zahanati alimpeleka, tumpe haki yake. Nesi akauliza maswali yake: ana homa? Anakohoa damu? Usiku akilala anapumua vizuri? Winifrida alifungua mdomo, mama akamuwahi. "Analala vizuri kabisa. Namtunza mwenyewe." Na miguu, mbona imevimba? "Wazazi wote huvimba." Winifrida alimtazama mama yake tu. Pumzi ya kubishana angeitoa wapi? Wakarudi na dawa ya kikohozi, na Gaudiosa akaongeza mkaa kwenye jiko la chumbani.

Siku ya tisa tangu watoke zahanati, midomo ya binti ilibadilika rangi. Hapo ndipo Gaudiosa alipoogopa kweli, akakodi gari mpaka hospitali, Sumbawanga mjini.

Daktari Kheri hakuanza na maswali. Alimtazama kwanza, macho kwenye saa, akihesabu pumzi dakika nzima. Akambana kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, akaitazama mishipa ya shingo, akasikiliza mgongo mpaka chini mbavuni. Akabonyeza muundi kwa dole gumba, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Ndipo akauliza, "Unalala na mito mingapi?"

Gaudiosa alishafungua mdomo.

"Samahani, Mama," daktari alisema kwa adabu. "Nataka anijibu yeye."

"Silali," Winifrida alisema. "Nakaa."

"Tangu lini?"

Akainua vidole viwili.

"Siku mbili?"

Akatikisa kichwa. Wiki.

Nje ya wodi daktari alimweleza Gaudiosa taratibu. Haikuwa baridi, wala si kifua. Ni moyo. Wapo wanawake ambao moyo unatanuka na kulegea wakishajifungua, maji yanarudi kwenye mapafu, na mgonjwa akilala chali yanapanda. Ndiyo maana mtu hukaa. Gaudiosa aliuliza kitu kimoja tu: lau angesema ukweli siku ile pale zahanati, mwanawe angepona?

Daktari alimjibu kwa sauti ya chini. "Wakiwahi dawa, wapo wanaopona. Kama yeye angepona, siwezi kukuahidi."

Bora angemgombeza. Ule upole ulimchoma kuliko matusi.

Walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano za kutoa maji, wakaanza kuandaa safari ya Mbeya. Gari halikuondoka. Alhamisi saa nne asubuhi, Gaudiosa akiwa anakunja nepi za mtoto, Winifrida alivuta pumzi moja fupi na nyingine haikuja.

Jastin alifika msibani mchana, moja kwa moja kutoka Kasanga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alilia mpaka akaishiwa. Kisha akaenda kumpigia magoti mkwewe, akamshika mikono yote miwili mbele ya akina mama waliojaa pale.

"Asante, Mama. Umemuuguza mpaka mwisho. Kila jioni nikipiga simu ukiniambia amelala, roho yangu ilikuwa inatulia."

Wanawake wakaitikia kwamba mama kama huyu hapatikani. Angeweza kunyamaza. Aliyekuwa anajua hasemi tena. Lakini mikono ile ilikuwa inamshukuru, na Gaudiosa hakuiweza.

"Hakuwa amelala, Jastin. Alikuwa ameketi pembeni yangu, anahema. Simu nilishika mimi, usije ukaona sijui kumtunza mkeo."

Jastin alimtazama kama haelewi Kiswahili.

"Alikuwa anaiomba simu?"

"Kila siku," Gaudiosa alisema.