Bolti za Sitaha

To.

Kimya. Kisha tena: to.

Nilikuwa nimelala chali, macho nimefumba, nikadhani ni Cheche anagonga chuma kwenye kibanda chake cha kuchomelea, hapo jirani. Lakini Cheche hagongi polepole hivyo. Cheche hugonga kama mtu aliyetukanwa na chuma. Sauti hii haikuwa na haraka na mtu. To. Nikahisi ubaridi shavuni, nikafumbua macho.

Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye nati, juu kabisa ya uso wangu, limenona, linajipima. Likaanguka. Jingine likaanza kujikusanya mahali palepale. Nikawasha taa, ile taa ya pikipiki niliyoifunga darini, nikakagua nati zote kuanzia mbele hadi nyuma. Kila nati ilikuwa na tone lake, yamepangana kama shanga. Na nje haikuwa mvua ya maana. Ilikuwa manyunyu ya mchana, mvua ya kuchezea watoto.

Mashua yangu ilikuwa inavuja kutoka juu, kabla hata haijaonja maji ya chini.

Tuliinunua pamoja, mimi na kaka yangu. Ilikuwa imekaa nchi kavu miaka mingi, kuku wameifanya nyumba, mlingoti umelazwa pembeni kama mgonjwa. Aliyetuuzia alicheka alipopokea hela. Sisi tukacheka zaidi. Tulikuwa na mikono minne na hasira ya kutosha, tulihitaji nini kingine? Mpira wa madirisha tuliutoa kwenye kioo cha basi bovu. Pampu ya kutolea maji ilikuwa ya mashine ya kufulia. Magodoro tuliyakata kutoka kitanda changu, na kitanda chenyewe nikakiuza tukanunua waya za kushikilia mlingoti, kwa sababu waya za mlingoti hazina mbadala wa bei nafuu, ukidanganya hapo unakufa. Tangu siku hiyo nalala ndani ya mashua. Kwenye yadi hii ya mashua wananiita Nahodha wa Nchi Kavu.

Kisha mke wa kaka akapata mimba, na kaka akapata kazi kwenye meli ya mizigo. Akaja siku moja na uso wa mtu aliyekwisha kuamua, akasema tuiuze mashua kama ilivyo. Nikamwambia aende zake, aende na meli yake, hii nitaimaliza peke yangu na sitahitaji hata kivuli chake. Hakubisha. Alifuta mikono, akanitazama, akasema, "Sawa. Lakini bolti za sitaha usizifunge peke yako."

Mimi nikasikia: huwezi.

Kesho yake asubuhi nilianza na bolti za sitaha.

Kazi yenyewe ni hii. Sitaha ndiyo paa la mashua, na vyuma vyote vya juu, vile vinavyoshikilia kamba na waya, hufungwa kwa bolti zinazopenya hadi ndani. Kichwa cha bolti kipo juu, kwenye jua. Nati ipo chini, gizani. Mtu mmoja hashiki kote kuwili. Nilijiona mjanja: nikabana kila nati kwa plaisi inayojifunga yenyewe, nikaiegemeza kwenye ubao isizunguke, kisha nikapanda juu na kukaza kwa bisibisi. Ikakaza vizuri sana. Nilipiga mluzi siku nzima, kisha nikaifunika sitaha kwa turubai, nisilolitoa mpaka wiki ya manyunyu.

Siku ile ya manyunyu ndipo nilipofungua bolti moja na kuona. Ile gundi nyeusi ya kuzibia maji, unayoipaka kuzunguka bolti, inataka bolti itulie. Kinachotakiwa kuzunguka ni nati, kule chini. Mimi nilizungusha bolti yenyewe ndani ya gundi, nikaikata gundi pande zote, kama mtu anayezungusha kijiko kwenye uji unaoanza kuganda. Bolti zote. Hakuna hata moja niliyoiacha salama.

Na Jumamosi kreni inakuja. Mwenye yadi hukodi kreni mara moja kwa mwaka, wenye mashua tunachangia, inashusha majini zile zilizo tayari na kuondoka. Mwaka uliopita yangu haikuwa tayari. Safari hii alinijia mwenyewe, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. "Kijana wangu, nina watu wanaotaka hiyo nafasi. Isiposhuka Jumamosi, nitamwambia Cheche aikate, tuuze mlingoti na ile risasi ya uzito iliyo chini." Na mashua inayovuja haipandishwi kreni. Hukaguliwa kwanza, kwa ndoo ya maji juu ya sitaha.

Ilikuwa Jumatano. Niliamua kuzifunga upya zote. Nikanunua gundi mpya kwa hela ya chakula, wiki hiyo ikawa ya chai na mkate. Alhamisi jua likawaka, sitaha ikakauka, nikazing'oa bolti zote na kukwangua gundi ya zamani, kisha nikatafuta namna ya kuzuia kichwa cha bolti kisizunguke nikiwa chini. Nilisimamisha bisibisi nikaifunga kwenye mfuko wa mchanga. Nikashuka. Nikazungusha nati kidogo tu, na juu nikasikia mfuko ukianguka na bisibisi ikikwaruza rangi yangu kutoka hapa hadi kule. Nikapanda, nikaweka mfuko wa pili. Nikashuka. Nikapanda. Mbwa wa yadi alikaa chini ya ngazi ananitazama kama aliyelipa kiingilio.

Mwisho nikaenda kwa Cheche. Alikuwa na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, anakunywa maji.

"Nahodha! Bahari imekutupa huku?"

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, fupi tu, nisaidie. Miezi michache nyuma aliniambia, "Ukitaka mkono, sema," nami nikamjibu kwamba ninayo miwili. Alicheka akasema, "Miwili ya mtu mmoja." Nilimkumbuka akicheka.

"Una kipande cha msasa?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu anayetaka msasa, halafu akanipa. Nikarudi nacho mkononi. Nilikuwa na msasa wa kujaza sanduku.

Nilikuwa nimekaa ndani, nimeegemea ukuta, nawaza jinsi ya kuikata mashua mwenyewe ili asije akaikata mtu mwingine, niliposikia ubavu wa mashua ukipigwa makofi.

"Hodi humo! Nahodha yupo au ameshazama?"

Sauti hiyo niliijua. Nikatoa kichwa. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa amesimama karibu na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na bunda jeupe limefungwa kamba, kubwa kama ng'ombe aliyelala.

"Karibu, shemeji."

"Karibu yako nimeisubiri mwaka mzima, naona imekwama njiani. Nimekuletea tanga lako. Limejaa chumbani, mwanao hana pa kutambaa."

"Anatambaa?"

"Anatambaa, ana meno, na anauma. Wa ukoo wenu, hapana shaka." Alijifuta jasho kwa kanga. "Nimemwacha kwa jirani. Utashuka, au nipande na tanga mgongoni?"

Shemeji ni fundi cherehani. Kabla ya ugomvi alikuwa amekubali kutushonea tanga moja kutoka matanga mawili mabovu. Mimi nilijua limebaki kwake nusu, kama vitu vyote vilivyobaki nusu, na kwenda kulichukua kungekuwa kubisha mlango ambao kaka ndiye alikuwa akinifungulia. Nikashuka, nikafungua kamba, nikapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa umemalizika wote. Mistari mitatu ya uzi kila maungio, na pembe zimewekewa ngozi.

"Nani alikwambia uendelee?"

"Nani aliniambia niache?"

Nikashika pembe moja. Tulilipandisha sitahani pamoja. Alipochungulia ndani akaona sufuria na makopo niliyotega chini ya kila nati tangu jana.

"Shemeji, siku hizi unapika mvua?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyezungusha bolti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaokota bisibisi, akaipima mkononi.

"Kwa hiyo unataka mtu wa kushika juu."

"Sijasema nataka mtu."

"Basi nitashika kwa bahati mbaya. Shuka."

Nikashuka. Akapaka gundi nilivyomwonyesha, akapenyeza bolti ya kwanza, nikaiona ikitokeza kwangu na kola nyeusi ya gundi shingoni.

"Ishike isizunguke hata unywele."

"Nimeshika. Mimi natia uzi sindanoni kutwa, usinifundishe kutulia."

Nikazungusha nati. Gundi ikajiminya pembeni, pande zote sawasawa, duara safi. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiona ikitoka upande mmoja tu, na nikapiga mluzi!

Tukaendelea. Kila tundu kabla ya bolti lilinionyesha kwanza anga, kisha kidole chake, kisha giza. Hatukuonana. Pengine ndiyo maana alianza kuzungumza.

"Anapiga simu Jumapili, meli ikiwa karibu na nchi," alisema. "Anakuulizia."

"Ananiulizia nini?"

"Anauliza kama umeshafunga bolti za sitaha."

Spana iliniteleza. Nikaishika tena.

"Nawe unamjibuje?"

"Namwambia sijui, ndugu yako hapokei simu zako, ataipokea yangu? Basi ananyamaza. Shemeji, simu ya kule ni ghali kama dhahabu, na mume wangu anaitumia kunyamazia." Bolti nyingine ikashuka. "Hii imekaa?"

"Imekaa."

"Mimi pale nyumbani naongea na cherehani. Juzi mtoto amelala, nikajikuta namjibu. Nilimwambia, ngoja basi, naja. Cherehani!" Alicheka, kisha kicheko kikaisha mapema. "Wewe unaongea na nani humu?"

Nilitaka kusema siongei na mtu na sina haja. Nilitazama sufuria zangu, kikombe changu kimoja, magodoro ya kitanda changu cha zamani, taa ya pikipiki ikiwaka bila pikipiki.

"Na mbwa," nikasema. "Naye hanijibu."

"Ana akili."

Tulifanya kazi mpaka jua likaanza kulegea. Cheche alipita akasimama, akatazama kanga ya shemeji juu ya sitaha yangu, akasema kwa sauti ya kusikika yadi nzima, "Naona Nahodha amepata mikono minne!" na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaliacha neno lake lisimame. Nikamwambia tu kwamba kesho nitamrudishia msasa wake.

Likabaki tundu moja, la mbele kabisa, pale kamba ya kupandishia tanga inapofungwa. Chuma cha kufungia kamba hiyo kaka alikichonga mwenyewe kwa tupa, jioni nyingi, mpaka kikalingana na kiganja chake. Nilisubiri bolti. Haikuja.

"Shemeji?"

"Subiri. Natafuta simu." Nikasikia akiipapasa mfukoni. "Nitarekodi, nimtumie. Atasikia wakifika bandarini. Sema naye."

"Mikono yangu imejaa gundi."

"Unasemea mikono? Sema."

Lile duara la anga likafunikwa. Nilikuwa gizani, spana mkononi, na juu yangu simu imebandikwa kwenye tundu la bolti kama sikio. Nilisikia pumzi yangu ikirudi kutoka kwenye mbao. Shemeji hakuniona, na alikuwa na adabu ya kutojaribu kuniona.

"Kaka," nikasema. "Kaka, tumefunga bolti. Mkeo alishika juu. Jumamosi inaingia majini, haitakatwa, nitaifunga pale mwisho wa gati. Tanga lipo, amelimaliza, zuri mno. Lakini silipandishi. Litakaa limekunjwa mpaka uje, hata ukichelewa, hata gati zima wanicheke nimekaa kwenye mashua isiyo na tanga. Kesho nakwenda kumwona mtoto, na Jumapili ukipiga, nitakuwa nimekaa hapo nyumbani kwako, nitapokea mimi. Na ile kamba ya tanga utaivuta wewe, kaka. Sitaigusa. Nakuahidi."