Sauti ya Madam Karwitha

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, walimu watatu wa chuo kikuu kimoja mjini Isiolo waliketi nyuma ya meza ya maabara kuwapima wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa afya ya mifugo. Mezani palikuwa na thermosi ya chai na sahani ya mandazi iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya nzi. Mlangoni alifungwa mbuzi jike aliyekuwa akikohoa. Mwenye mbuzi, Lomuria, alikuwa ametoka Oldonyiro kwa shughuli zake, akaombwa akae kwenye benchi awe mfugaji wa mtihani. Alikubali kwa sharti kwamba mbuzi atibiwe bure.

Upimaji huu ulikuwa wa walimu wenyewe. Miaka ya nyuma walikuja watu kutoka Nairobi, wakatazama viti na vitabu, wakala nyama, wakaondoka. Safari hii walimu walitaka kujua kama kile walichoahidi kufundisha kimeingia kweli kwa mwanafunzi. Wazo lilikuwa la Karwitha. Alikuwa mwalimu wa kibarua, wa kulipwa kwa saa, na ndiye aliyefundisha magonjwa ya mbuzi na kondoo tangu chuo kifunguliwe. Kwenye ratiba, hata hivyo, somo hilo lilikuwa na jina la Profesa Lokuruka, na Profesa Lokuruka alikuwa kwenye mikutano.

Mkuu wa idara, Daktari Adano, alikuwa rafiki yake. Walisoma pamoja, na mama yake Adano alipolazwa, Karwitha ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi. Adano alikuwa amemwambia, mke wake akisikia, kwamba aandae huo upimaji, watu waone nani anafundisha, na kazi ya kudumu itakuwa yake, wallahi. Karwitha akaandaa. Likizo yote ya Desemba aliimalizia kwenye maswali.

Wa kwanza kuingia alikuwa Atabo, kijana mrefu mwenye sauti nzito kama lori linalopanda mlima. Aliambiwa amweleze Lomuria mbuzi wake ana nini. Akamshika mbuzi, akaweka sikio kwenye mbavu, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Karwitha.

"Baba, huyu mapafu yake yameshikwa. Mtenge na wengine leo leo. Na ukishamdunga sindano, maziwa yake usinywe, hata chai usiweke, mpaka nikuambie."

Ilikuwa sauti yake yenyewe, pamoja na ile lafudhi ya Kimeru na ule ukali wa mama anayemkataza mtoto kucheza na jiko. Lomuria alimtazama Atabo, kisha akamtazama Karwitha.

"Kijana, ni wewe unasema ama ni huyu mama?"

"Ni mimi, mzee," Atabo akajibu kwa sauti yake nzito.

Ikawa hivyo kwa wote. Yale ambayo mwanafunzi alikuja nayo kutoka kwao aliyasema kwa sauti yake. Yale aliyofundishwa yalitoka kwa sauti ya aliyemfundisha. Stephen, mwalimu wa tatu mezani, aliyetoka ofisi ya ubora ya chuo, alisogeza kiti mbele ili asikie vizuri, akaendelea kuweka alama. Walipoulizwa takwimu, karibu darasa zima lilijibu kwa sauti ya Mhindi mmoja wa YouTube. Mwalimu wa takwimu alikuwa Adano. Alijimiminia chai. Sauti ya Profesa Lokuruka ilisikika mara moja tu, mwanafunzi mmoja alipokwama katikati ya jibu akasema, "Hayo mengine nitawatumia kwa WhatsApp."

Aliyeng'ara kuliko wote alikuwa Farhiya, msichana wa Kulamawe. Mwaka wa kwanza alikosa nafasi bwenini, Karwitha akamlaza kwake mpaka muhula ukaisha. Farhiya alijibu kila kitu, na ungefumba macho usingejua kwamba Karwitha amekaa upande ule mwingine wa meza.

Kufikia adhuhuri Karwitha aliuliza maswali kwa sauti ya redio ambayo betri zinakwisha. Kila aliyejibu vizuri aliondoka na kipande cha sauti hiyo. Alikunywa maji ya tangawizi, haikusaidia, na hakujali. Walimu hukaukiwa na sauti. Jambo kubwa ni kwamba Adano amesikia, Stephen amesikia, na hata mfugaji amesikia. Jioni alimpigia simu mama yake huko Nkubu, akamwambia kwa mnong'ono kwamba sasa ataajiriwa.

Ripoti ilitoka. Ilisema wanafunzi wamejifunza walichotakiwa kujifunza, tena vizuri sana, na idara inampongeza mwenye somo, Profesa Lokuruka. Karwitha alimfuata Adano ofisini. Adano alikuwa anakula mirungi kidogo kidogo, akamkaribisha kiti.

"Si mlisikia sauti yangu?" Karwitha akanong'ona. Ilibidi Adano ainame.

"Tulisikia. Nani atakataa? Lakini tulikuwa tunapima mwanafunzi amejua nini. Nani alimfundisha, hilo hatukuuliza. Na maswali ni yako, dada."

"Uliniahidi, Adano. Mke wako akiwa hapo."

Adano aliongeza jani jingine mdomoni. Akamweleza, bila kelele, kwamba nafasi ni moja na Profesa anamwekea mtu wake atakayekuja baadaye, na kwamba yeye pia ana bosi. Kisha akasema lile ambalo Karwitha alitoka nalo mlangoni.

"Na ukweli ni kwamba sauti yako tunayo tayari. Iko kwa hao watoto. Tukimpa Farhiya hizo saa, mwaka wa kwanza watasikia yale yale, na yeye hatusumbui na mambo ya kudumu."

Karwitha alitaka kumjibu. Mdomo ukafunguka, pumzi ikatoka, basi. Sauti iliyokuwa imebaki ilikuwa imekwisha katika ule mnong'ono wake wa mwisho.

Muhula mpya Farhiya alianza kufundisha. Darasa lilisikiliza. Wapita njia walimsalimu Madam Karwitha kupitia dirishani bila kutazama ndani. Karwitha mwenyewe aliandika barua ya malalamiko. Ikarudi. Kanuni za chuo zilisema lalamiko la mwalimu ni lazima lisikilizwe, na barua haisikilizwi. Aje aseme.

Akaja. Alivaa nguo ya kanisani. Adano na Stephen walikuwa wamekaa tayari, na kwa kuwa mlalamikaji hakuwa na sauti, walikuwa wamemwita Farhiya aje nayo. Farhiya aliingia akitazama sakafu. Alikuwa na kitambulisho kipya shingoni, cha wafanyakazi.

Karwitha alifurahi kumwona. Alimshika mkono, akamkalisha karibu naye, akamtazama usoni kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. Hakukuwa na haja ya kumweleza kitu. Farhiya alijua habari yote. Ahadi ile aliisikia jikoni kwa Karwitha, siku Karwitha alipoirudia huku akipika githeri na kucheka.

"Haya Madam, sema," Adano akasema, akimtazama Farhiya.

Farhiya alikigusa kitambulisho. Kisha akasema, kwa sauti iliyojaa chumba, yenye lafudhi ya Kimeru:

"Mimi sina neno na idara. Nimeridhika."

Stephen aliuliza kama hiyo ndiyo sauti ya mlalamikaji. Adano alisema ndiyo, anaijua tangu wakiwa wanafunzi. Karwitha aliuachia mkono wa Farhiya. Akagonga meza kwa ngumi, akagonga tena, chai ikamwagika, kalamu ya Stephen ikabingirika mpaka chini. Stephen akaiokota, akauliza hiyo sasa ni nini.

"Anashukuru," Farhiya akasema kwa sauti ile ile, na Stephen akaandika hivyo.