Ufunguo Uliobaki Medan

Gari la Tiurma Sinaga lilizima pale ambapo mji mzima wa Siantar ungeliona: katikati ya njia panda ya soko la Horas, Jumamosi asubuhi, huku mdogo wake Lasma akiwa kiti cha nyuma amekumbatia sufuria ya samaki waliolipwa kuwapika kwa harusi ya watu.

"Limezima," Lasma alisema.

"Nimeona."

"Na feni inazunguka yenyewe."

"Lasma, nimeona!"

Nyuma yao honi zilianza kulia. Tiurma alipiga starta, gari likaguna, likawaka, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazima tena. Aliegemea usukani akaanza kucheka. Hakuwa na la kufanya ila kucheka. Mafundi walishalichezea gari lile hadi wakachoka. Mmoja alibadilisha plagi, mwingine koili, wa mwisho akang'oa pampu ya mafuta na kuapa kwa jina la mama yake kwamba tatizo limekwisha. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka siku zote kama taa ya duka.

Hapo akatokea mwanamume mrefu kutoka kwenye mgahawa wa kahawa, mkate wa kuchoma mkononi, jemu ya nazi imemganda kwenye masharubu.

"Fungua boneti, dada," alisema kwa sauti nzito.

"Na wewe ni nani?"

"Fundi Monang Purba. Gereji yangu iko nyuma ya kanisa. Nalisikia gari lako kila siku likipita linakohoa, na leo uvumilivu umenishinda."

Akaupachika ule mkate mdomoni, akainama ndani ya boneti. Alimwambia Tiurma awashe. Gari likawaka. Akachukua bisibisi, akaligonga kwa mpini boksi dogo la bati lililokaa pembeni chini ya kioo: ngo! Gari likazima. Awashe tena. Likawaka. Ngo! Likazima.

"Umeona?" alisema akitoa mkate mdomoni. "Si plagi wala pampu. Hii ndiyo kompyuta ya injini. Ndiyo inayoamua mafuta yaingie lini na moto upige lini. Yako imechanganyikiwa, dada. Inaota mchana."

Lasma alitoa kichwa dirishani. "Fundi! Umesema Purba? Purba wa wapi?"

"Wa Haranggaol."

"Bwana asifiwe! Huo si ukoo wetu, hakuna mwiko wa kuoana."

"Lasma!" Tiurma alihisi masikio yake yakipata moto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, hajawahi kuolewa, na mdogo wake hakukutana na mwanamume bila kumuuliza ukoo.

"Nauliza tu," Lasma alisema. "Si lazima mtu aulize?"

Samaki walifika harusini kwa pikipiki ya abiria, Lasma akiwa ameketi kwenye kigari cha pembeni na sufuria mapajani, akipungia watu mkono kama bibi harusi mwenyewe. Gari lilisukumwa hadi gereji na wapagazi wa soko. Tiurma alishika usukani. Monang alisukuma kwa nyuma akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya besi, na kila alipofika kwenye kiitikio wapagazi waliitikia, na Tiurma alicheka hadi akakaribia kugonga kibanda cha matunda ya duriani.

Siku ya kulifungua lile boksi dada wote wawili walikuwepo. Monang alichomoa betri, akachomoa soketi, akafungua bolti, akaliweka mezani kwa heshima kama anayepakua chakula. Alipoinua kifuniko wakaanza kutoka sisimizi. Walitoka kwa safu, wamebeba mayai yao.

"Wapangaji," Monang alisema.

Tiurma alishika ukuta. Machozi yalimtoka kwa kicheko. Kumbe majani yalikuwa yameziba njia ya maji chini ya kioo cha mbele, kila mvua ikawa inadondokea kwenye boksi, na ndani kila kitu kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Mahali palipobaki pakavu sisimizi walijenga.

"Hii haifufuki," Monang alisema. "Natafuta nyingine ya gari kama hili, yenye namba ile ile hadi herufi ya mwisho. Nachomoa hii, nachomeka ile. Kazi ya kikombe kimoja cha kahawa."

"Na lisipowaka?" Tiurma aliuliza.

Monang alijishika kifua. "Lisipowaka nitacheza tortor hapo barabarani, peke yangu, bila hata ngoma."

"Majirani!" Lasma alipiga kelele. "Mmesikia alivyosema?"

Walikuwa wamesikia. Siku kompyuta ilipofika kutoka Medan, kwa mama mmoja aitwaye Rumondang anayeuza vipuri vya magari yaliyogongwa, mtaa mzima ulikuwa na shughuli karibu na gereji. Kuna aliyefagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kuna aliyeleta kiti.

Tiurma alikuja na samaki. Alijiambia ni kwa shukrani tu. Alikuwa amewapika kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwapa hata maaskofu, akaweka konzi nzima ya andaliman, pilipili ya kutia ganzi. Monang alikula, akagusa midomo yake.

"Siisikii," alisema.

"Nini?"

"Midomo. Bado ipo?"

"Ipo," Tiurma alisema, akaiangalia muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji, akageuka haraka kuangalia matairi.

Monang alilinganisha namba za maboksi mawili, akazisoma kwa sauti ili majirani wasikie. Akafunga, akachomeka, akarudisha betri. Akampisha Tiurma kwenye usukani kwa kuinama kama mhudumu wa hoteli.

Tiurma alizungusha ufunguo. Starta ikapiga vizuri, kwa nguvu, nguru nguru nguru. Injini haikushika. Akarudia. Haikushika. Monang akakagua soketi, akakagua fyuzi, akabusu betri. Haikushika.

Lasma akaanza kupiga makofi taratibu, pa, pa, pa, na majirani wakamfuata.

Ahadi ni ahadi. Monang Purba alitoka barabarani na ovaroli yake, akakutanisha viganja mbele ya kifua, akaanza kupanda na kushuka kwa magoti kwa taadhima yote ya tortor, uso umekaza kama yuko mbele ya wakwe, midomo ingali na ganzi. Pikipiki zilisimama. Mtu akagonga debe. Tiurma alimtazama kupitia kioo, peke yake pale katikati ya barabara na grisi puani, asiyeona haya hata kidogo, na kitu kikaruka kifuani mwake. Hakujua alifunguaje mlango. Alijikuta mbele yake amekutanisha viganja, anapanda na kushuka pamoja naye, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

"Samahani kwa gari," Monang alinong'ona bila kuvunja mwendo.

"Fundi, ile taa nyekundu yenye picha ya ufunguo," Tiurma alinong'ona naye, "inayopepesa pepesa. Inasema nini?"

Monang alisimama mguu mmoja hewani.

"Ufunguo," alisema. "Ufunguo! Mimi mpumbavu kabisa!"

Alimshika mikono, akamzungusha, akaikimbilia simu. Kompyuta ile ilikuwa bado inamtambua bwana wake wa zamani. Ndani ya kichwa cha kila ufunguo kuna kidude kidogo cha utambulisho, na bila kile cha gari la Medan isingekubali kuwasha injini hata ingeombwa na malaika.

"Mama Rumondang! Lile gari ulilotoa kompyuta, ufunguo wake uko wapi?"

"Naukorogea kahawa," sauti ilijibu, na wote wakaisikia. "Kijiko kilipotea."

"Acha kukoroga, mama! Uoshe! Utume!"

Ufunguo ulikuja kesho yake na basi la mchana, umefungwa kwenye gazeti, unanukia kahawa. Monang aliufungua kichwa, akatoa kidude kisichozidi punje ya mchele, akakibandika kwa utepe nyuma ya kifuniko cha usukani, karibu na swichi. Safari hii hakuahidi lolote.

Tiurma alizungusha ufunguo wake mwenyewe. Taa nyekundu ikazimika. Starta haikumaliza hata mzunguko, injini ikashika na kutulia, laini, haitetemeki, haikohoi. Ile taa ya injini nayo ikazima. Tiurma hakuwahi kuiona dashibodi ikiwa na giza namna ile.

"Ingieni!" alipiga kelele. "Wote! Kabla sijaamka!"

Monang aliruka kiti cha mbele. Lasma aliingia nyuma na kandambili zake za jikoni, rola kichwani. Tiurma aliweka gia, akakanyaga, na gari ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likijikokota liliruka mbele kiasi kwamba wote watatu walipiga mayowe. Wakapita mashamba ya mipira, wakapita malori, wakazikata kona za kushuka Parapat wakiimba sauti tatu, na kila Monang aliposema "Punguza kidogo, dada," Tiurma aliongeza kidogo.

Walisimama juu ya ukingo ambapo Ziwa Toba lote liko chini yako. Hakuzima injini. Alikuwa anapenda mno kuisikia.

"Fundi," alisema akitazama mbele, "una mke?"

"Alifariki, miaka sasa."

"Unaweza kuishi na mwanamke anayenukia samaki?"

Monang alimgeukia. Besi yote ilikuwa imempotea. "Naweza," alisema, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto wa kwaya. Kisha akaanza kucheka, na Tiurma naye, hadi vioo vikapata ukungu.

Kule nyuma Lasma alikuwa ameshika simu. "Shangazi? Uko wima au umekaa? Kaa."

Walipoingia mtaani kwao jioni, mashangazi walikuwa wamejipanga mbele ya geti, wamevaa vitenge vya shughuli, wanabishana kuhusu ukumbi na idadi ya nguruwe. Mmoja alinyoosha mkono kusimamisha gari.

"Nisimame?" Tiurma aliuliza.

"Nina grisi puani," Monang alisema.

"Basi bado."

Akapiga honi, akawapungia mkono, akapita, akakata kona kuzunguka mtaa mara nyingine.