Gia ya Kupandia Mlima

Jumamosi, tarehe 19 Julai 2014, saa nne kasorobo asubuhi, mawingu yakiwa yametanda lakini mvua ikiwa bado haijaamua, mke wangu aliipanda baiskeli ya marehemu baba yake chini ya mteremko wetu, akavuta kijiti cha gia hadi mwisho, akaanza kupanda. Mimi nilisimama kando ya barabara nikitazama gurudumu la nyuma. Alipoikaribia nguzo ya umeme, gurudumu lilitoa mlio kama wa mtu anayevunja karanga kwa meno, pedali zikazunguka bure, naye akashuka kabla hajaanguka. Ni mwanamke anayeshuka kwa heshima hata pale anapolazimishwa.

"Imekataa," alisema.

"Haijakataa. Kuna kitu kimevunjika ndani."

"Kwa goti langu ni yale yale, Baba Watoto."

Goti ndilo lililoiteremsha baiskeli hiyo kutoka kwenye ndoano za stoo. Chumba cha mke wangu cha ushonaji kiko bondeni, kwenye barabara ya maduka, na nyumba yetu iko juu. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba habari ya kupanda mlima kwa miguu imekwisha. Baiskeli ruhusa, mradi iwe nyepesi kukanyaga. Kama haiwezekani, afunge chumba, au ahamishie cherehani nyumbani, ambako hakuna mteja angepanda kuja kupimwa sketi. Mke wangu alijipa hadi mwisho wa Julai. Watoto wetu walijitolea kumnunulia baiskeli mpya. Aliwajibu kwamba ya babu yao ipo, na mjadala ukaishia hapo.

Ilikuwa baiskeli ya Kiingereza, nyeusi, yenye breki za vyuma badala ya waya, mfuniko wa mnyororo, na gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu. Kwenye ganda la habu walikuwa wamegonga mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Baba mkwe, aliyekuwa karani wa mahakama, aliinunua ikiwa mpya, na hadi alipokufa hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kuipiga kengele. Niliipokea ikiwa imeliwa na kutu kila mahali ambapo rangi ilikuwa imepasuka, tandiko likiwa limekauka kama gome.

Nilianza kuishughulikia mwezi Machi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu na sina papara. Nilinyoosha vyuma vya breki, nikafunga spoki upya, nikalainisha tandiko kwa mafuta hadi likakubali kukaliwa. Tairi ndizo zilizonitesa. Wauza vipuri wawili waliniuzia saizi waliyoiita karibu sawa, na mara zote mbili niliwarudishia, kwa sababu karibu sawa si sawa. Hatimaye nilizipata kwa fundi mmoja wa viti vya magurudumu, ambaye alizitumia kwa kazi hiyo na hakujua kwamba zilikuwa za baiskeli.

Habu niliiachia mwisho. Nilisoma shule ya bweni ambako kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na mkaguzi. Mwalimu wetu wa karakana alitufundisha kwamba chuma kinachozunguka ndani ya chuma kinataka grisi, tena ya kutosha. Nimepima ardhi maisha yangu yote kwa nidhamu niliyoipata pale, na mipaka niliyoiweka bado iko pale nilipoiweka. Kwa hiyo niliifungua habu, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikaijaza grisi kama mtu anayejaza mtungi. Mke wangu alipita akiwa na kikopo chake cha kudondoshea mafuta.

"Chukua haya ya cherehani, yapo mengi."

"Hiki ni chuma cha kubeba mtu, Mama Watoto, si cha kubeba uzi."

"Haya, fundi," alisema, akaendelea na safari yake.

Jumamosi ile, baada ya mlio ule, niliifungua tena. Ndani ya habu mna vijino vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko ukucha, vinavyosukumwa nje na springi nyembamba kama unywele. Kazi yake ni kuruka na kurudi upesi, kudaka na kuachia. Nilivikuta viwili vya gia ya chini vimezama katika grisi yangu, vimesimama nusu njia kama watu waliosahau walichofuata chumbani. Vilikuwa vimeshika kwa ncha tu. Uzito wa kupanda mlima ulipokuja, ncha zikavunjika. Ubavuni mwa ganda palikuwa na kitundu chenye kifuniko cha bati, na kipenyo chake kilitosha mdomo wa kikopo cha mafuta ya cherehani. Nilikuwa nimekisugua kitundu hicho hadi kikang'aa bila kujiuliza ni cha nini.

Gia mbili zilizobaki zilifanya kazi barabara. Kwenye tambarare, baiskeli ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba hatuishi kwenye tambarare.

Hapakuwa na fundi mjini aliyekuwa na vijino vile. Wote, kama waliokubaliana, walinielekeza mahali pamoja: kwa tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi aliyenunua kwa kilo mabaki ya duka la baiskeli lililofungwa zamani. Nilimjua. Tulisoma pamoja. Shuleni tulimwita Tarumbeta, kwa sababu ndiye aliyepiga tarumbeta ya kutuamsha, nami nilikuwa kiranja mkuu. Muhula wa mwisho, jioni moja, alichukua baiskeli ya mwalimu wa zamu bila ruhusa, akarudi taa zikiwa zimezimwa. Nilimkuta langoni. Asubuhi nilimpeleka kwa mkuu wa shule, akafukuzwa kabla ya mtihani. Tangu hapo tulikuwa tukionana misibani na kusalimiana kwa mbali.

Niliingia dukani kwake Jumatatu. Alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani, tumbo likiwa limemtangulia.

"Kiranja!" alipaza sauti. "Jamani, simameni wima, fungeni vifungo, mkaguzi ameingia!"

Wahudumu wake wawili walitazamana. Mmoja alifunga kifungo cha shati kweli.

Nilimweleza ninachotafuta. Aliangua kicheko. "Mimi nauza tu, ndugu yangu. Ukiniuliza kipi ni kipi, nitakujibu vyote ni chuma. Panda juu, yamo mapipa huko, chokoa mwenyewe."

Nilichokoa hadi mchana. Vilikuwa ndani ya kopo la tumbaku, vimefungwa kwa karatasi iliyolowa mafuta, vikiwa pamoja na springi zake, kana kwamba mtu aliviweka jana. Nilishuka navyo, nikaviweka juu ya kaunta.

"Bei gani?"

Tarumbeta alivigeuza kwa ncha ya kalamu. "Vidude hivi? Havina bei. Kwako wewe nataka neno."

"Neno gani?"

"Sema, 'Nilikosa.' Basi. Hata risiti nitakukatia."

"Nilikosa nini?"

"Usinifanye mtoto, Kiranja. Unajua."

"Ulichukua baiskeli ya watu bila ruhusa. Kanuni ilikuwa wazi, na wewe mwenyewe ulikuwa ukiisoma kila Jumatatu mstarini."

"Hukuniuliza nilikotoka."

"Kanuni haikuniagiza kuuliza."

Alivirudisha vijino katika kopo na kulifunga kwa kiganja. "Ukilipata, njoo nalo. Duka halihami."

Ningeweza kulitamka neno lile na kutoka na kopo mkononi. Lisingenichukua hata pumzi nzima, na nadhani angelipokea bila kuchunguza kama ni halisi. Lakini neno nisiloliamini ni mali bandia, na sikufundishwa kulipia kitu kwa mali bandia. Nilivaa kofia nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akipiga pasi suruali ya mteja. Nilimsimulia yote bila kupunguza. Alisikiliza huku pasi ikienda na kurudi.

"Labda mama yake alikuwa mgonjwa," alisema.

"Labda."

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Pasi ilizunguka kiuno cha suruali. Niliona kwamba kuna jambo jingine anastahili kuelezwa. "Vile vijino," nilisema, "havikuvunjika kwa uzee. Nilitia grisi mahali palipotaka mafuta mepesi. Mafuta yako yangefaa. Nilikosa."

Aliisimamisha pasi juu ya kibati chake, akaninyanyulia macho.

"Kumbe neno lenyewe unalo!"

"Ninalo. Nalitumia pale linapostahili."

"Unalitunza kama suti ya harusi," alisema. "Litaliwa na nondo."

Kesho yake alifunga chumba mapema. Alirudi jioni, akaweka kopo la tumbaku mezani karibu na sahani yangu.

"Amenipa. Anasema shemeji hadaiwi kitu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia baiskeli ni ya baba yangu, na goti ni langu. Nikamwambia hujanituma. Akasema hilo analijua, wewe ungekwenda mwenyewe au usingekwenda kabisa."

"Na mimi?"

"Wewe anasema deni lako liko palepale. Sasa utaifunga, au nimtafute fundi mwingine?"

Nililifikiria jambo hilo usiku kucha, kwa sababu halikuwa dogo. Nilihitimisha kwamba baiskeli ilikuwa yake, vijino vilikuwa vyake, na aliyempa alimpa yeye, akijua. Mimi nilikuwa fundi tu. Asubuhi niliitoa grisi yote kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikafunga vijino na springi zake, nikafunika habu, nikadondosha mafuta ya cherehani kupitia kitundu kile hadi nikayasikia yakishuka ndani.

Mke wangu alianza tena chini ya mteremko. Habu ya namna hii hulia tiki-tiki katika gia mbili za juu, lakini katika gia ya chini hunyamaza ukikanyaga. Nilimsikia akija na tiki-tiki zake kwenye tambarare. Kisha akavuta kijiti, na sauti ikakatika. Niliusikiliza ukimya huo. Alipita nguzo ya umeme, miguu ikizunguka upesi na baiskeli ikienda polepole, kama mtu anayekoroga uji. Alinipita bila kunitazama, akapiga kengele ya baba yake, akaendelea hadi juu. Mwezi ulipokwisha, alimwambia mwenye nyumba wa kule bondeni kwamba chumba hakirudishi.

Nilibaki na jambo moja. Mtu anayengoja kitu ambacho hakitakuja ana haki ya kuambiwa, na aambiwe usoni. Nilirudi kwa Tarumbeta.

"Umekuja kulipa?" aliuliza, akiivuta miwani chini.

"Kwanza nimekuja kuuliza. Siku ile ulikuwa umetoka wapi?"

Mhudumu aliyekuwa akipima misumari aliacha kupima.

"Dansini," alisema Tarumbeta.

"Dansini?"

"Bendi ilikuwa imekuja mjini. Sikuwa na kiingilio, nikasimama dirishani."

"Mama yako hakuwa mgonjwa?"

"Mama? Mama alikuwa mzima kama nanga! Niliporudi nyumbani na sanduku langu alinichapa mwenyewe, hakutafuta msaidizi."

"Basi nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki, Kiranja. Nani kakataa? Lakini palikuwa na mpiga tarumbeta pale, bwana we! Alianza chinichini, kama mtu anayeongea na ukuta. Halafu akapanda. Akapanda, akapanda, watu wakaacha kucheza. Nami nilikuwa na chombo kilekile cha kuwaamshia nyinyi mkaoge maji baridi, sikujua kinaweza kusema vile." Alikuwa ameinua mikono, vidole vitatu vikibonyeza hewa. "Nilirudi nimejaa hadi hapa. Nilipokuona langoni nikasema afadhali, nimepata wa kumwambia. Ukaniambia, 'Jina na bweni.' Jina langu! Tulikuwa tunalala vitanda jirani!"

Mhudumu alicheka, kisha akainamia misumari yake. Mimi nilisikiliza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, hadi alipomaliza kunieleza wimbo ule ulivyoishia. Ilimchukua muda. Aliposhusha mikono alikuwa akihema.

"Haya, umeuliza na nimejibu," alisema. "Sasa nipe neno langu."

"Sitakupa. Sikukosa."

"Hata nusu?"

"Hata nusu. Nimekuja ili usiendelee kulingoja."

Tarumbeta alirudisha miwani mahali pake, akanikagua tangu kofia hadi viatu, kama nilivyokuwa nikiwakagua wao.

"Haya," alisema. "Msalimie shemeji."