Kioo cha Mama Mkwe

Kama kuna mahali ambapo mama mkwe wa Kibukusu hafai kuingia pamoja na mkwe wake, ni duka la vioo. Maximilla alilitambua hilo akiwa ameshaketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya duka la Muigai, mjini Eldoret, mkongojo umelala magotini. Akitazama kushoto, Wepukhulu huyu hapa. Akitazama kulia, Wepukhulu yule pale. Akainua macho juu, na hata huko Muigai alikuwa ametundika kioo! Mama wa watu akabaki kukodolea vidole vyake vya miguu.

Wepukhulu alikuwa mume wa Namalwa, binti yake, na kwa jinsi Maximilla alivyolelewa, mwanamume aliyemwoa bintiyo hamtazamani usoni. Hampeani mikono, hamli meza moja, na kuoga bafu moja ndiyo usiseme kabisa. Wapo wanaodai mambo hayo yamepitwa na wakati. Wadai wanavyotaka. Yeye alikuwa ameishika heshima hiyo tangu ujana, na hakuona sababu ya kuitupa uzeeni. Hata asubuhi hiyo Namalwa alimleta mama yake kwa gari, na mwenye gari akafuata nyuma kwa bodaboda.

Yote yalianza Maximilla alipoanguka kwake Kimilili akavunjika nyonga. Alipasuliwa hapa Eldoret, na daktari akataka akae karibu na kliniki. Akae wapi? Kwa binti yake, mtaa wa Pioneer, ambako bafu ni lile lile la mkwe? Alikataa katakata. Afadhali arudi nyumbani akachechemee.

Wepukhulu hakubishana naye. Alitoa magunia ya mahindi katika stoo iliyo karibu na geti, akaigeuza chumba, Maximilla akahamia humo, kisha akaanza kukarabati bafu kuukuu la nje lililopakana nayo. Akatia vyuma vya kushikilia ukutani na vigae visivyoteleza. Siku moja Maximilla alichungulia dirishani akamwona mkwe wake, mtu mzima mwenye kitambi chake, ameketi kwenye kiti ndani ya bafu tupu, anajaribu kama mkono wa mtu aliyekaa utaufikia mfereji. Fundi alicheka mpaka akaangusha mwiko. Maximilla hakucheka. Alirudi kitandani akalia.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu moyoni, kumshukuru mtu huyu kwa kinywa chake mwenyewe. Mara nyingi alikuwa amemtuma Namalwa. Lakini Namalwa, Mungu ambariki, ni mvivu wa maneno. Mama angeyapanga yake vizuri, aanzie hospitalini, afike mpaka kwenye baraka za wajukuu; Namalwa angevuka ua na kusema, "Baba Sylvia, mama anasema asante," basi. Shukrani ya kutumwa hufika imepoa, na nyingine humwagika njiani.

Sasa bafu lilikuwa limekamilika, limebaki kioo tu.

"Mama, si tuchukue hii iko na taa," Namalwa alisema. "Ukiguza hapa inawaka."

"Ya nini? Kwani nitapotea nikinawa uso? Nipatie kadogo tu, ka kuweka kwa ukuta."

Wepukhulu akakohoa kule mlangoni, amewapa mgongo. "Mama Sylvia, ambia mama hiyo ndogo haitamsaidia. Ataoga akiwa amekaa. Tunataka ndefu, ishuke mpaka chini, ajione bila kusimama."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Mara honi ikalia nje bila kukoma. Gari lao lilikuwa limemzibia njia dereva wa lori, naye alikuwa na haraka zake. Namalwa akachomoa funguo mkobani akatoka mbio.

Muigai, mwenye duka, alikuwa mtu mchangamfu asiyejua lolote kuhusu ukwe wa wenyewe. Akateremsha kioo kirefu kisicho na urembo wowote, akamkabidhi Wepukhulu.

"Boss, shikilia hii mbele ya mama, chini kabisa. Lazima ajione vile atajiona kwa bafu."

Wepukhulu akautazama mlango. Namalwa haonekani. Akapiga moyo konde, akachuchumaa nyuma ya kioo mpaka kikamfunika mwili wote, akasogea nacho polepole kama kabati lililoota miguu. Sehemu zake zilizoonekana zilikuwa vidole pembeni na ncha za viatu tu.

Ndipo Maximilla alipoinua macho. Hakumwona mkwe. Alijiona mwenyewe, na kitambaa chake cha kichwa, na mashavu yaliyoanza kurudi baada ya miezi ya kuwa mifupa mitupu. Akajitazama sana. Aliijua mila yote ya kwao, na hakukumbuka mahali inapomkataza mwanamke kuongea na uso wake.

"Maximilla," akaanza, taratibu. "Si umenona, wewe! Unakumbuka ukiwa wodi? Vijana wako walituma pesa, na Mungu awabariki. Lakini kuna mtu alikuwa analeta uji kila jioni. Anaachia nurse kwa mlango, halafu anazunguka anasimama nje ya dirisha, amekupatia mgongo, mpaka umalize kulishwa. Ulikuwa unaona hiyo mgongo. Ulikuwa unalala ukijua iko hapo."

Muigai aliacha kupangusa vioo, akasimama na kitambaa mkononi.

"Sasa amekutengenezea bafu, uoge kama mtu. Mungu akikuuliza kama ulimshukuru, utasema ulituma mtoto? Asante, Wepukhulu. Asante sana. Mimi sikukuzaa, lakini umenibeba kuliko wenye nilibeba kwa mgongo. Watoto wako wakuchunge vile umenichunga. Ukizeeka, usikose mtu wa kusimama kwa dirisha yako."

Yalitoka yote, hakuna hata moja lililobaki. Moyo wake ukawa mwepesi. Kisha akaona uso wake unatetemeka pale kiooni. Akajishika shavu, akalikuta limetulia. Kilichotetemeka kilikuwa kioo.

"Boss, ni nzito?" Muigai aliuliza. "Wacha nikusaidie."

"Wacha tu," sauti iliyokwaruza ikajibu nyuma ya kioo. "Iko sawa."

Namalwa akarudi anahema. "Ile lori imepita. Ni hii mmechagua?"

"Ni hii."

"Kuna kitu nimwambie?"

"Hakuna. Leo amesikia."

Lakini Wepukhulu alikuwa bado amechuchumaa pale pale, anavuta kamasi, mikono yote miwili imekwama kwenye kioo. Hawezi kukishusha mama mkwe akamwona, wala hawezi kujipangusa. Maximilla akaielewa taabu yake. Akafumba macho, na kwa uhakika zaidi akayafunika kwa viganja.

"Namalwa," akasema, "mwambie aweke chini, apanguze uso. Sioni kitu."