Kiganja cha Muasya

Kwa miaka thelathini Muasya alikuwa fundi wa bodi pale Dagoretti, na watu walimletea magari hata kutoka Hurlingham kwa sababu ya kiganja chake. Akishagonga bati likarudi mahali pake, akapaka fila, ule udongo wa kusawazisha bati, na kuisugua kwa msasa, hakuyategemea macho. Aliyafumba, akapitisha mkono polepole. Palipokuwa na bonde, hata la unene wa karatasi, alipajua.

Kavindu, kifungua mimba wake, alijifunza kazi hiyo kwake, na ndiye aliyegundua. Baada ya Pasaka, Muasya alimaliza mlango wa pikapu akasema uko tayari kwa rangi. Kavindu akaupapasa. Ulikuwa na mawimbi. Alidhani mzee amechoka tu. Wiki iliyofuata ikawa boneti, halafu bampa. Siku moja akamwona ameegemeza kiganja kwenye bati lililochomwa na jua tangu asubuhi, wala hakuuondoa mkono. Ndipo alipoelewa. Kisukari alichougua kwa miaka kilikuwa kimeua hisia za vidole vile, na mzee hakuwa amemwambia mtu.

Kavindu naye hakusema. Kila baba yake alipokwenda kula mchana, yeye alirudia kazi: fila kidogo, msasa, kiganja, msasa tena. Mzee alirudi akamkuta anafagia vumbi.

Ikaja gari ya Jackie, mteja wao wa siku nyingi, imegongwa ubavuni. Muasya aliushughulikia mlango kwa siku mbili, kisha akaenda kula. Hoteli ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akarudi mapema. Akamkuta binti yake amepiga magoti mbele ya mlango uleule, msasa mkononi.

"Hiyo si nilimaliza?"

Kavindu akauficha msasa nyuma yake.

"Nakuuliza."

"Ilikuwa na bonde kidogo, Baba. Hapo chini ya kitasa."

Muasya akaweka kiganja chini ya kitasa, akafumba macho. Alibonyeza, akasogeza, akabonyeza tena, lakini hakuhisi lolote.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Zote?"

"Zote, Baba."

Hakufoka. Laiti angefoka, Kavindu angepata la kujibu. Alivua ovaroli, akanawa mikono, akaenda nyumbani kwa miguu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Jackie alipokuja kuchukua gari, aliizunguka mara mbili. "Aki mzee ni moto! Huwezi jua iligongwa. Ako wapi nimshukuru?"

"Amepumzika leo," Kavindu alisema, akageuka kutafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

Jioni alimkuta baba yake sebuleni, redio imezimwa.

"Jackie amefurahi sana. Anasema umefanya kazi safi."

"Amekusifu wewe," Muasya alisema. "Usinifiche tena, Kavindu. Hata kwa kunihurumia."

"Sitakuficha, Baba."

Kisha mzee akauliza, kwa sauti ndogo, kama binti alitia hadena, dawa ya kuigandisha, ya kutosha kwenye fila, maana wiki ile kulikuwa na baridi.

"Nilitia."

"Na uliiacha ikauke kabisa kabla ya msasa?"

"Niliiacha."

"Vizuri," alisema, akaugeuzia ukuta uso wake. Kavindu aliyaona mabega yake yakitikisika. Akakaa chini karibu na kiti, akaushika ule mkono kwa nguvu, akijua kwamba mzee hausikii mkono wa bintiye.