Ejo Gani?

Shamsia aliishusha redio ya zamani ya mnara wa simu kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa ikikohoa mtandao asubuhi na kunyamaza mchana, na wanakijiji wa kule Kitanga walikuwa wameizoea kama mtu anavyomzoea mzee mwenye pumu. Kiwanda kilichoitengeneza ndicho kilichouza vifaa vya minara yote ya milima ile. Mataifa makubwa yalipokosana, vipuri vikaacha kuja.

Ndipo ulipoanzishwa mradi. Nchi kadhaa zilikubaliana kwamba mnara usitegemee kiwanda kimoja tena: redio inunuliwe huku, kompyuta yake kule, na vyote vielewane. Shamsia, binti wa Gharibu muuza vitambaa wa Kasulu, aliupenda mradi huo kwa moyo wote tangu alipoajiriwa akiwa ametoka chuoni. Aliona ni haki kabisa kwamba kijiji kisinyimwe sauti kwa sababu ya ugomvi wa watu wasiokijua.

Redio mpya ikawasha taa zake zote za kijani. Haikusema neno.

Alishuka hadi Kasulu kuwapigia simu wahandisi wa mradi ng'ambo. "Kanuni ni moja, wote wameisaini," mmoja alimwambia kwa upole. "Lakini saa, kila kiwanda kimeisoma kivyake. Kompyuta inasema *sasa*, redio inasikia *zamani*, basi inatupa kila inacholetewa. Tutatuma programu ya kurekebisha."

Shamsia akarudi kijijini kusubiri, nyumbani kwa Maximilla, aliyempa chumba na ugali bila kuulizwa. Kila jioni Maximilla aliweka kitochi, simu yake ndogo, juu ya meza, kikiwa na chaji, akikitazama kama chungu kilicho jikoni.

Binti yake, Ininahazwe, aliyeolewa Murungu, alikuwa amelazwa Kibondo akisubiri kujifungua kwa kisu. Uzazi wa kwanza aliingia chumba cha upasuaji peke yake, akatoka mikono mitupu. Safari hii Maximilla alimwahidi: nitakuwepo mlangoni. Lakini mume wa Maximilla alikuwa amepooza, na jirani aliweza kumwangalia kwa siku chache tu. Kwa hiyo alingoja simu ya kumtajia siku.

"Ungeiacha ile ya zamani kwanza, mwanangu," alisema mara moja tu.

"Ingezimika yenyewe, mama. Hii ikikaa sawa, hatutalia tena."

"Haya."

Jioni moja Pasikali wa bodaboda alifika amejaa vumbi, akamkabidhi Shamsia flashi yenye ile programu. Kisha akamgeukia Maximilla.

"Mama, kondakta wa basi la Kibondo ana salamu zako. Mwanao amesema: ejo, kupasuliwa."

Maximilla alisimama. "Ejo gani?"

Katika lugha ya nyumbani, ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachoonyesha njia, na hicho, nimepasuliwa au nitapasuliwa, kilikuwa kimeanguka mahali fulani kati ya Kibondo na Kasulu.

"Kondakta kasema ejo, nami nasema ejo," Pasikali alijibu. "Mimi ni bodaboda, mama, si kalenda!"

Hata Maximilla alicheka. "Basi ni kesho. Ingekuwa imepita, angesema amejifungua. Nifuate alfajiri, na usilewe."

Shamsia naye alicheka. Alitaka iwe kesho, akaamini ni kesho.

Alfajiri Maximilla alitoka na kapu: unga, ndizi, na vitenge vya kumfungia mtoto, vilivyofuliwa vikalainika. Pasikali alikuwa bado hajafika. Shamsia alikuwa chini ya mnara, akaingiza programu, akasubiri. Taa zikazimika, zikawaka. Mara simu zikaanza kulia kijiji kizima, jikoni, mifukoni, shambani. Watu wakapiga vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Binti Gharibu, Mungu akupe mume!"

Shamsia alikimbia hadi kwa Maximilla, uso umemchanua. Kitochi kilikuwa kikilia mkononi mwa mama huyo.

"Nisomee, mwana wanje, mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Shamsia alisoma. Ujumbe ulikuja kwa mfuatano, kama watu waliokuwa wamefungiwa nje. *Mama, wameniambia ni leo. Mama, uko wapi? Mama, naingia.* Huo wote ulikuwa wa juzi. Wa mwisho ulikuwa wa jana, kutoka kwa mkwe: *Mtoto hakukaa. Tumemzika. Mke wangu anakuita tu.*

Ujumbe wa mwisho aliusoma kwa sauti ndogo sana. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.

Maximilla hakulia. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni, akaliweka kapu kati ya miguu yake. "Nipigie," alisema.

Simu ililia mara moja tu, ikapokelewa. Sauti ilikuwa safi kuliko zote zilizowahi kupita pale, safi hata pumzi ya Ininahazwe ikasikika.

"Mama. Unakuja lini?"

Maximilla alitazama njia. Barabarani pikipiki ya Pasikali ilikuwa ikipanda mlima.

"Leo," akasema kwa Kiswahili, ili pasiwe na maana nyingine. "Leo hii, mwanangu. Leo."

Shamsia alichukua kapu amfungie kwenye pikipiki. Aliviondoa vile vitenge, akasita, akavirudisha.